Biskuti za pipi za kutafuna: kwa nini pipi inageuka jiwe, na namna ya kuoka ikabaki laini

Leo tuko jikoni. Nazungumzia zile biskuti za nyumbani zenye pipi za matunda ndani, pipi laini za kutafuna zinazovutika, za ladha ya strowberi, limau, chungwa na nanasi. Picha zake zimejaa mtandaoni: biskuti imekatwa katikati, pipi inavutika kama uzi wa rangi. Watu wanaiga, wanaoka, halafu kesho yake wanajikuta na biskuti yenye kokoto ndani. Unga umekwenda, mayai yamekwenda, siagi imekwenda, na siagi sio kitu cha kuchezea kwa bei zake.

Nimeamua kuweka yote ninayoyajua sehemu moja ili mtu akitafuta ayapate. Kama uko cafe na dakika zinakukimbia, shuka mpaka penye vipimo, nakili kwenye daftari, mengine utarudi kuyasoma. Ila ile sehemu ya jelatini usiiruke, nakuomba.

Kwanza tuelewane majina. Huku kwetu tunasema pipi. Mombasa na Zanzibar utasikia peremende, Nairobi wanasema switi. Hapa nasema zile laini ambazo unazitafuna mpaka zinaisha na unazimeza. Jojo, bigijii na bablishi hazimo. Zile zina utomvu usioyeyuka mdomoni, na ukizitia kwenye biskuti umeharibu biskuti na bablishi yako. Pipi ngumu za kumung'unya nazo zina matumizi yake, nitazigusa mwishoni.

ZILIKOTOKA

Pipi hizi za mraba zilizofungwa kwenye karatasi moja moja sio za jana. Kampuni ya Suchard ya Uswisi ilitoa Sugus mwaka 1931. Mwaka 1960 kampuni ya Mars ikatoa zake Uingereza kwa jina la Opal Fruits, ladha nne: strowberi, limau, chungwa na ndimu. Zikavuka bahari kwenda Marekani mwaka 1967, na huko ndiko zilikojulikana kwa jina la Starburst. Waingereza walibaki na jina lao la zamani mpaka 1998, nao wakabadilishiwa, na wapo wanaonung'unika mpaka leo. Wajapani wana Hi-Chew ya Morinaga, tangu 1975. Ukoo wa pili ni zile za jeli zenye umbo la dubu. Hizo zilianza na Hans Riegel wa mji wa Bonn, Ujerumani, aliyeanzisha Haribo mwaka 1920 na kutoa dubu wake wa kwanza mwaka 1922.

Nao mtindo wa kutia vipande vya kitu kitamu kwenye biskuti ulipata umaarufu Marekani miaka ya 1930. Mama mmoja anaitwa Ruth Wakefield, mwenye nyumba ya wageni iliyoitwa Toll House huko Whitman, Massachusetts, alikatakata chokoleti akaichanganya kwenye donge la biskuti, na maelekezo yake yakachapwa kwenye kitabu chake cha mapishi mwaka 1938. Baada ya hapo watu wakaanza kutia kila kitu: karanga, zabibu, tofi, na pipi za matunda.

Tatizo linaanzia hapo hapo. Watu wanaichukulia pipi kama chokoleti au zabibu. Wakati pipi sio chokoleti wala sio zabibu.

PIPI IMESHAPIKWA, WEWE UNAIPIKA TENA

Hili ndilo la kuelewa, ukilishika mengine yote yanajipanga yenyewe.

Kiwandani pipi ya kutafuna inatengenezwa kwa kuchemsha sukari na shira ya glukosi mpaka moto unafika kwenye nyuzi 120 hivi za Selsiasi. Wanatia mafuta kidogo, asidi ya sitriki (ndiyo inayoleta ule uchachu), rangi na ladha, halafu mashine inalivuta lile donge tena na tena mpaka linashika hewa. Ndio maana pipi hizi hazipitishi mwanga kama kioo, zina weupe weupe ndani. Maji yaliyobaki ni asilimia chache tu, lakini hayo machache ndiyo yanayoifanya ilainike ukiitafuna.

Aliyewahi kupika kashata hapa hahitaji mwalimu. Shira ikitoka motoni mapema, kashata inanata na haishiki. Ikichelewa kidogo, inavunja meno. Sukari ni ile ile, kilichobadilika ni maji yaliyoondoka. Shira ya sukari ikifika nyuzi 150 hivi, ikipoa inavunjika kama kioo, na hapo umeshapata pipi ngumu.

Sasa chukua pipi iliyosimama kwenye nyuzi 120, itie kwenye oveni ya nyuzi 175, iache dakika kumi na mbili. Inayeyuka, inachemka, maji yanatoka, inapanda kuelekea kule kwenye kioo. Ukiitoa ya moto inavutika vizuri sana, unapiga picha, unafurahi. Ikipoa ni jiwe. Zile picha za mtandaoni nyingi zimepigwa biskuti ikiwa bado ya moto, na hawakwambii.

Ila kuna mlango wa kutokea. Donge la biskuti lenyewe lina maji, kutoka kwenye yai na kwenye siagi. Maadamu maji hayo yapo, katikati ya biskuti hapapandi sana kupita nyuzi 100. Kwa hiyo pipi iliyozikwa katikati, imezungukwa na unga pande zote, haifiki kwenye ule moto mbaya. Pipi iliyochungulia pembeni au iliyomwagikia kwenye trei haina wa kuikinga, inaungua, inageuka kahawia na inagandamana na bati. Kwa hiyo una njia mbili tu za maana: uifiche kabisa, au uiweke dakika za mwisho. Kuichanganya tu ndani ya unga kama zabibu ni kuwatafutia watu daktari wa meno.

JELATINI, NA KWA NINI NATAKA UTUNZE KARATASI

Pipi nyingi za kutafuna, na karibu zote zile za jeli za kawaida za Ulaya, zina jelatini. Jelatini inatokana na ngozi na mifupa ya wanyama, mara nyingi nguruwe au ng'ombe. Ndiyo inayozipa ule mdundo. Kwenye karatasi huandikwa "gelatin" au "gelatine", na mara nyingi hawasemi ni ya mnyama gani. Pakiti za zamani ziliandika E441. Ukiona "pectin" au E440, hiyo ni pektini, inatoka kwenye maganda ya matunda, haina mnyama. Ukiona "starch" ni wanga. Halafu kuna E120, rangi nyekundu inayotokana na wadudu wadogo waliokaushwa, nayo wengine hawaitaki.

Jina la pipi halikusaidii. Mfano mzuri ni hiyo hiyo Starburst: ya Marekani imeandikwa jelatini kwenye viungo vyake, ya Uingereza haina. Jina moja, nchi mbili, viungo tofauti. Haribo ya Ujerumani inatumia jelatini ya nguruwe kwenye dubu wake, wakati kiwanda chake cha Uturuki kinatengeneza za halali kwa jelatini ya ng'ombe. Sasa fikiria pipi zinavyofika kwetu. Nyingine zinatoka dukani, nyingine kaka kaja nazo kutoka Maskati, nyingine shangazi kazituma kutoka London kwenye begi la mtu. Zote zinamiminwa kwenye kopo moja. Baada ya wiki hakuna anayejua ipi ni ipi.

Ukila pipi mwenyewe kutoka kwenye karatasi yake, umejisomea, shauri yako. Lakini biskuti haina karatasi. Ukishaioka, ukaipeleka kwa jirani, kwenye Idi, kwenye kipaimara, kwenye kikao cha harusi, anayekula hana njia ya kujua ndani mna nini isipokuwa kupitia kwako. Muislamu hali nguruwe, Msabato hali nguruwe, Mhindu wa duka la kona anaweza kuwa hali ng'ombe. Na wapo wanaosema jelatini ikishabadilika sana imekuwa kitu kingine, lakini taasisi nyingi zinazotoa vyeti vya halali hazikubali ya nguruwe, na sio kazi yako muokaji kumuamulia mtu kwenye sahani yake.

Mimi nina kibahasha cha karatasi za pipi ndani ya kopo la biskuti. Idi moja nilimpelekea bibi wa nyumba ya tatu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umeniletea nini?"

"Biskuti, bibi. Nimeoka mwenyewe."

Akaimega, akaona ile rangi inavutika, akasita. "Hii inayonata ni kitu gani?"

"Pipi, bibi."

"Pipi ya nini? Isije ikawa na yale mambo yao."

Nikamtolea karatasi. Akaisukuma. "Nisomee wewe, mimi siwezi herufi za sisimizi." Nikamsomea yote, sukari, shira ya glukosi, mafuta ya mawese, wanga, pektini, mpaka namba za rangi. Akauliza neno moja moja. Mwisho akala mbili, akafunga nyingine kwenye leso kwa ajili ya wajukuu. Kama nisingekuwa na ile karatasi angeniambia asante mwanangu, na zile biskuti zingeliwa na kuku. Na angekuwa sahihi kabisa.

Nembo ya halali kwenye pakiti inasaidia, ila angalia nani kaitoa. Tanzania kuna BAKWATA, Kenya kuna Kenya Bureau of Halal Certification, na bidhaa za nje zina taasisi za kwao. Pipi ya kupima kwa kijiko isiyo na pakiti yoyote, mimi siitii kwenye biskuti za kugawa. Nyumbani kwako fanya utakavyo.

Kuhusu rangi, maana kuna watakaouliza: mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton walichapisha kwenye jarida la Lancet utafiti uliohusisha mchanganyiko wa rangi za viwandani na watoto kutotulia. Tangu Julai 2010 Umoja wa Ulaya unataka vyakula vyenye rangi sita zile, zikiwemo E102, E110 na E129, viwe na onyo kwenye pakiti. Marekani nako Januari 2025 walitangaza kuifuta rangi inayoitwa Red No. 3 kwenye vyakula. Sikutishi, nakwambia tu nusu pipi kwa biskuti inatosha, huna haja ya tatu.

JARIBU PIPI MOJA KWANZA

Kabla hujavunja yai, pasha jiko, weka pipi moja juu ya kipande cha karatasi ya kuokea, iache ndani dakika tatu, uiangalie. Ikitambaa na kuwa nyepesi kama uji wa maji, hiyo ni ya jelatini nyingi, kama wale dubu. Jelatini inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 35 hadi 40 tu, karibu na joto la mwili, haiwezi kuvumilia oveni. Hiyo itie mwishoni tu, biskuti ikiwa imeshatoka motoni. Ikinyooka taratibu na kutoa mapovu mazito, hiyo ndiyo pipi ya kutafuna yenyewe, inafaa kufichwa. Ikilegea bila kupoteza umbo, ni ya wanga au pektini, na hiyo ndiyo rahisi kuliko zote. Halua yetu ni ya ukoo huo wa wanga, ndio maana inakaa kwenye moto muda wote ule na haiwi maji.

Gharama ya jaribio hili ni pipi moja. Siagi hujaigusa.

VIPIMO

Unatoka na biskuti kama 24. Unga wa ngano gramu 250, ambazo ni vikombe viwili bila kushindilia. Siagi ya kupaka gramu 125, nusu ya kopo la gramu 250. Sukari gramu 80, yaani vijiko vikubwa sita, na usiongeze maana pipi inakuja na sukari yake. Yai moja. Beking pauda nusu kijiko cha chai. Vanila kidogo, au maganda ya limau yaliyokwaruzwa, ambayo mimi nayapenda zaidi kwa sababu yanapatana na uchachu wa pipi. Iliki hapa naona inagombana na strowberi, lakini kwenye chungwa ni tamu. Chumvi weka chembe kama siagi yako haina. Pipi 12 za mraba za gramu 5, kila moja ukate mara mbili.

Usiweke magadi soda badala ya beking pauda. Asidi ya pipi ikikutana na magadi inatoa gesi, pipi inaumuka na kujaa mashimo, na ladha inakuwa kama sabuni.

Kukata pipi ni kero kama hujui. Zipoze kwanza kwenye friji, au paka kisu mafuta, halafu vipande vyote viviringishe kwenye unga wa mahindi laini visishikane.

Saga siagi na sukari kwa mwiko mpaka iwe nyeupe nyeupe, dakika tatu nne za kutoka jasho. Tia yai na vanila, koroga. Chekecha unga na beking pauda juu yake, changanya mpaka unga mkavu hauonekani, basi, acha. Hii sio chapati, ukiikanda inakuwa ngumu. Acha donge lipoe nusu saa. Kama huna friji weka bakuli ndani ya beseni la maji baridi na ulifunike. Joto la pwani linayeyusha siagi mapema, kwa hiyo likiwa bado linanata mkononi ongeza unga vijiko viwili vikubwa.

Namna ya kwanza ni kuficha. Gawanya donge vipande 24, kila kimoja ukubwa wa ndimu ndogo. Bonyeza katikati, weka nusu pipi, funga vizuri na uviringishe mpaka hakuna ufa. Huo ufa ndio adui. Pipi ikipata tundu la sindano inatoka yote. Upande ulioufunga uangalie juu, usiangalie trei, na usiibonyeze ikawa bapa, iache na mgongo. Trei iwe na karatasi ya kuokea. Kama huna, karatasi nyeupe safi isiyo na maandishi, iliyopakwa mafuta pande zote, inafanya kazi kwa muda huo mfupi maadamu haigusi mkaa. Gazeti hapana, wino ule sio wa kula.

Oka nyuzi 175, dakika 10 hadi 12. Toa pindi ukingo unapoanza rangi, juu bado peupe. Ukisubiri zote ziwe kahawia kama biskuti za dukani, pipi ndani imeshapita.

Namna ya pili ni kuweka mwishoni, na hii naipendekeza kwa anayeanza. Tengeneza biskuti tupu, bonyeza shimo kwa kidole gumba, oka dakika 9 au 10. Toa, libonyeze shimo tena kwa nyuma ya kijiko, weka nusu pipi, rudisha dakika moja tu. Kama ni ya jelatini usirudishe kabisa, joto la biskuti lenyewe linatosha. Pipi inalegea na kujaza shimo, haipati muda wa kupoteza maji. Kesho yake bado inatafunika. Haina ule mshangao wa kukuta rangi ndani, lakini haikuangushi.

Ya tatu ni kuinyunyizia juu. Pipi 10 na kijiko kikubwa kimoja cha maji kwenye bakuli, bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka polepole, koroga mpaka iwe laini, chovya uma na upitishe juu ya biskuti zilizopoa. Wengi wanaandika utumie maziwa. Mimi natumia maji, asidi ya pipi inaweza kuyakata maziwa ukapata vidonge vidonge.

Jamani, sukari iliyoyeyuka sio maji ya moto. Inanata kwenye ngozi na inaendelea kuunguza. Biskuti ikitoka iache kwenye trei dakika tano na watoto wakae mbali. Ikikuunguza, maji ya bomba ya baridi yatiririke juu yake dakika 20, usipake dawa ya meno wala unga, na kama jeraha ni kubwa nenda kituo cha afya.

KWA TUSIO NA OVENI

Wengi wetu ni jiko la mkaa na sufuria, na inawezekana vizuri tu. Bibi zetu wameoka mikate na keki kwa kupalia makaa juu na chini, biskuti haitushindi. Chukua sufuria nzito, sio ile nyembamba inayopinda. Chini weka mchanga mkavu uliochekechwa, unene wa vidole viwili, juu yake kopo fupi au kiwaya cha kuinua sahani ya bati. Funika kwa mfuniko bapa wa chuma. Pasha robo saa sufuria ikiwa tupu na mchanga wake.

Makaa mengi yakae juu kuliko chini. Kwa biskuti hizi ni lazima, maana pipi ni nzito, inakaa upande wa chini, na chini kukiwa na moto mkali inaungua kabla unga haujaiva juu. Mimi naacha vipande vinne vitano chini na kujaza juu. Kupima moto, tupia kijiko cha unga kwenye sahani ya bati, funika dakika tano. Ukiwa rangi ya dhahabu, moto ni wa wastani, oka. Ukiwa kahawia iliyokolea, punguza. Ukiwa bado mweupe, ongeza juu.

Oka sita sita, na usifunue funue kabla ya dakika nane. Na jiko liwe nje au barazani. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inaua watu usingizini.

KUHIFADHI NA KUUZA

Sukari inavuta unyevu. Dar au Tanga wakati wa masika, biskuti iliyoachwa wazi usiku mmoja unakuta pipi inatoa jasho na biskuti imelegea. Kopo lenye mfuniko unaobana, karatasi kati ya kila tabaka, na ziwe zimepoa kabisa kabla ya kufunikwa. Namna ya pili na ya tatu kula ndani ya siku tatu nne. Zilizofichwa zinakaa mpaka wiki, ila pipi inazidi kukaza. Ikikaza, weka biskuti juu ya mfuniko wa sufuria ya chai inayochemka dakika moja mbili, inarudi.

Mtoto mdogo chini ya miaka minne usimpe. Pipi inayonata inaweza kuziba koo, na akiwa anakula biskuti hata yeye mwenyewe hajui kama kuna kitu kinanata kinakuja.

Wenye wazo la kuuza, nawaona. Kwa Tanzania usajili wa vyakula uko TBS tangu 2019 ulipohamishwa kutoka iliyokuwa TFDA, na wajasiriamali wadogo wanaweza kuanzia SIDO kupata barua ya utambulisho. Hata kabla ya kufika huko, andika viungo vyote kwenye karatasi ndogo kwa Kiswahili: unga, siagi, yai, na viungo vya pipi kama vilivyo kwenye pakiti yake, jelatini ikiwemo kama ipo. Mteja atakayesoma "jelatini ya ng'ombe" akaacha kununua, hujampoteza, atarudi siku utakayokuwa na za pektini.

Niliahidi pipi ngumu. Hizo ziponde kwenye kitambaa kwa mchi, sukuma donge la biskuti liwe bapa, kata kwa kikombe, halafu toboa tundu katikati kwa kizibo cha soda. Oka dakika sita, jaza unga wa pipi kwenye tundu, rudisha dakika tatu nne mpaka iyeyuke. Ziache zipoe kabisa kwenye karatasi kabla ya kuzibandua. Unapata biskuti yenye kidirisha cha kioo cha rangi. Ile ile sifa ya sukari kugeuka kioo iliyotuharibia huku juu, hapa ndiyo tunayoitaka. Wazungu wanazitundika kwenye mti wa Krismasi. Kwetu unyevu hauziruhusu kutundikwa siku mbili, kwa hiyo ni kula siku hiyo hiyo, na chai ya rangi.

Nawasilisha wadau. Walioko Oman, Uingereza na kwingineko, mkipita dukani tusomeeni pakiti za huko mtuandikie hapo chini ipi ina nini, maana hizo ndizo mnazotuma nyumbani.